Kurasa Mbili na Nusu

Hii habari huwa siianzi mbele ya watu wa Werugha, kwa sababu wao wanaijua kunishinda mimi, na kila nikijaribu kuisimulia kuna mtu atanikatiza, "Mwalimu, hapo umeruka," halafu anakichomoa kile kipande nilichokuwa nimekificha. Lakini nyinyi ni watu wa Voi, hamkuwepo, na mmenisumbua tangu tulipokaa mnataka kujua kwa nini nikialikwa kanisani kutoa neno huwa natafuta mlango. Basi nitawaambia. Aibu ni yangu mwenyewe, nimeibeba miaka mingi na imenizoea.

Nilikuwa kijana wakati huo, mwalimu wa shule ya msingi kule juu, mimi mtoto wa Mraru niliyezaliwa kwenye jua na vumbi, nikapelekwa milimani kwenye ukungu ambako asubuhi humwoni ng'ombe mpaka akupumulie. Nilipanga chumba na mwalimu mwenzangu aitwaye Nyambu, nyuma ya mashine ya kusaga posho, na kichwani nilikuwa na mambo mawili tu, kuandika kitabu na kumwoa Mghoi. Hayo mengine, kama kazi ya kufundisha, yalikuwa yanajiendea.

Mghoi alikuwa karani wa ushirika wa mboga, pale wakulima wanapoleta kabichi na karoti zipimwe kabla ya kupakiwa kwenye lori la Mombasa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ukimdanganya uzito wa gunia alikuwa hakugombezi, anakutazama tu mpaka unalirudisha mwenyewe kwenye mizani. Tulipendana, hilo silifichi. Habari za kitabu changu alikuwa amezisikia mpaka zikamtoka puani, maana mimi kila tukikutana nilikuwa na hadithi mpya ya jinsi kitakavyoanza, nani atakuwa ndani yake, jalada litakuwa rangi gani (la kijani, nilishaamua), na neno hata moja halijakaa kwenye karatasi.

Siku moja akaweka kalamu yake chini akaniuliza, "Mwadime, hicho kitabu unakiandika lini?"

Nikamwambia jioni. Akasema jioni ananiona dukani kwa mchezo wa bao. Nikamwambia basi Jumamosi. Akasema Jumamosi iliyopita nilionekana klabuni, kwenye mbangara, ile pombe ya miwa ya kwetu, na aliyeniona ni mama yake.

"Sikiza," akasema. "Ukurasa mmoja kwa siku. Sitaki mbili. Tangu leo mpaka shule zifungwe za Pasaka. Ukiniletea, nitakubali wazee wako wapande waje kwetu. Usiponiletea, tuachane vizuri, kila mtu aende zake."

Nikacheka. Ukurasa mmoja! Mimi ambaye naandika ubao mzima wa historia kabla ya chai ya saa nne! Nikamwambia, "Andaa kuku."

Sasa ngoja niwaambie jambo la kuandika kila siku, kwa sababu mtu asiyejaribu hudhani ni kukaa tu. Nilianza jioni. Nikakaa mezani, nikawasha taa, nikaandika "Jua lilichomoza juu ya Mraru," nikaitazama, nikaona "lilichomoza" halina nguvu, nikaweka "lilikuwa limechomoza," Nyambu akaingia na redio yake akakaa kitandani akaniuliza kama nimesikia bei ya sukari, tukaanza sukari, tukaingia serikali, tukatoka kwa serikali tukaingia mpira, na jua langu likabaki juu ya Mraru bila kuendelea popote. Kesho yake hivyohivyo. Nikahamia ofisi ya walimu baada ya vipindi, lakini mwalimu mkuu akimwona mtu ameshika kalamu alikuwa anamwona kama amejitolea, akaniletea rejista zote za shule nizipange. Nikasema basi nitakusanya siku zote niandike Jumamosi, kurasa saba kwa mkupuo, na Jumamosi ilipofika nilichoka kwa kuzifikiria tu hizo kurasa saba, nikalala mpaka mchana.

Ndipo nikakumbuka kanisa. Kanisa letu lilikuwa la mawe, kwenye mwinuko, na lilifunguliwa alfajiri na Mzee Mwamburi, ambaye kazi yake ilikuwa kugonga kile kipande cha reli tulichokuwa tukikiita kengele, kisha anakwenda kukamua ng'ombe wake na kuuacha mlango wazi. Kati ya kengele na shule kulikuwa na nafasi nzuri, kimya, hakuna redio, hakuna rejista. Nikavaa koti, nikaweka daftari mfukoni, nikaenda nikakaa benchi la nyuma karibu na dirisha.

Na kweli siku ya kwanza niliandika! Jua likachomoza, mtu akatoka nyumbani kwake, akaonana na mwingine, ukurasa ukajaa. Siku ya pili nikaandika mwingine. Siku ya tatu nikafika nusu nikakwama, kwa sababu wale watu wawili walikuwa wameshasalimiana na sikujua wanataka kuambiana nini. Nikaweka kipaji cha uso juu ya mkono, mkono juu ya ubao wa benchi la mbele, nikafumba macho niwasikilize. Kimya. Wamesimama tu pale barabarani kama mbuzi. Siku ya nne nikaja nikalala vilevile, kichwa juu ya mkono, na ya tano, na ya sita. Mtu akiandika vizuri anaonekana anaandika. Mtu akishindwa kuandika, jamani, tena ndani ya kanisa, anafanana kabisa na mtu anayeomba.

Hivyo ndivyo alivyonikuta Mama Mghoi.

Mama Mghoi ni mama yake Mghoi, na alikuwa kiongozi wa wale ndugu waliookoka, ambao kwa upande ule wa milima ni watu wa kuheshimiwa sana. Mwanamke mrefu, sauti yake ikivuka bonde bila taabu. Alikuwa ameshanikataa waziwazi, mbele ya duka, akasema binti yake haolewi na mtu wa klabu, aokoke kwanza ndipo tuongee. Asubuhi ile alikuwa amepita kuweka maua madhabahuni. Mimi sikumsikia. Nilisikia tu mkono begani, mzito, na sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

"Mwanangu," akasema, "Bwana asikie haya unayomwomba."

Hapo ndipo pa kusema, "Hapana Mama, naandika." Maneno matatu tu! Lakini alikuwa ameniita mwanangu. Mtu ambaye juzi alipishana nami njiani akatazama kabichi za jirani asinisalimie, leo kaniita mwanangu, na macho yake yamelowa. Nikafunika daftari kwa kiwiko.

"Amina," nikasema.

Basi. Yote mtakayosikia kuanzia hapa yametoka kwenye hiyo amina.

Kabla ya mapumziko ya saa nne shule nzima ilijua. Mwalimu mkuu akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Jioni nikakuta kabichi mbili na chupa ya maziwa mlangoni kwetu, Nyambu amekaa anazitazama. "Zimetoka kwa Mama Mghoi," akasema. "Anasema unafunga, lakini ukimaliza kufunga unywe." Nikanywa palepale.

Kesho yake nilipofika kanisani na daftari langu nikamkuta Mama Mghoi ameshakaa benchi langu, na wenzake wawili. "Tumeona usiachwe peke yako," akasema. Wakaomba, na maombi ya ndugu wale si ya kunong'ona, na huombi umekaa, unapiga magoti kwenye saruji. Magoti ya Mraru hayakuzoea saruji ya Werugha, ilikuwa baridi inapanda mpaka kwenye meno. Kesho kutwa walikuwa wengi zaidi. Wakaanza kuniletea haja zao, huyu ng'ombe wake hali, yule mtoto wake ana mtihani, mwingine mumewe yuko Taveta kwenye mashamba ya ndizi na hajatuma habari tangu mavuno. Nami nifanye nini? Nikawaombea. Ng'ombe akala (nadhani alikuwa atakula tu), mume akarudi na mkungu wa ndizi begani, na kuanzia hapo nilikuwa mtu mwingine kijijini. Wazee walinipisha njiani.

Sitaki kuwadanganya, nilifurahi. Nilifurahi sana. Mama Mghoi alinialika chai kwake, nikakaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa, akaniuliza habari za wazazi wangu, nyumba yetu iko wapi, tuna ndugu wangapi. Mnajua maana ya maswali hayo. Mghoi alileta chai, akaweka kikombe mbele yangu.

Aliponisindikiza mpaka kwenye njia ya mashamba akaniuliza, "Kurasa zinaendaje?"

"Zinakwenda," nikasema.

"Kila siku?"

"Si unaona naamka kila siku?"

"Naona unaamka," akasema. "Mama anasema unaomba. Wewe ulinieleza kwamba kanisani unakwenda kuandika. Mmoja wenu amekosea."

Nikamwambia naandika kabla wao hawajafika. Uongo. Halafu nikaongeza wa pili, kwamba nimefika mahali patamu sana, yule mtu wa Mraru ameanza safari. Akanitazama kama anavyotazama gunia kwenye mizani. Mimi nikatazama miguu yangu. "Sawa," akasema. "Nitazisoma shule zikifungwa."

Tangu jioni hiyo nikawa na hesabu isiyokwisha moyoni. Kwa mama nilikuwa nimeshashinda. Kwa binti nilikuwa na kurasa mbili na nusu, na Pasaka inakuja. Mngedhani ningehamia mahali pengine niandike kweli. Nilijaribu! Lakini nikikosa kanisani asubuhi moja tu, kina mama walikuja chumbani kuuliza kama ni mgonjwa, na wakishaingia wanaimba, na Nyambu maskini yuko chini ya blanketi na suruali yake iko upande wa pili wa chumba. Jioni nikawa naitwa kwenye ushirika wa maombi, nyumba kwa nyumba. Ile ahadi ya kuandika kila siku ilikuwa imenipa kila kitu isipokuwa nafasi ya kuandika.

Kisha likaja hili la mwisho. Shule zilipokaribia kufungwa, ndugu waliandaa mkutano mkubwa, watu wapande kutoka Voi, kutoka Taveta, mpaka kwetu Mraru walikodi lori. Kasisi akatangaza kwamba Mwalimu Mwadime atatoa ushuhuda. Baada ya ibada Mama Mghoi akanishika mkono, akaniambia polepole, "Ushuhuda wako nikiusikia kwa masikio yangu mbele ya ndugu, Jumatatu tuma wazee wako. Mimi sina neno tena."

Kesho yake alfajiri nikakaa na karatasi. Na sikieni ajabu. Mimi niliyeshindwa kuwafanya watu wawili waagane barabarani, ushuhuda ulinitoka kwa kikao kimoja bila kufuta! Ulikuwa na ukungu, ulikuwa na mwanga ndani ya ukungu, ulikuwa na sauti. Niliusoma nikatetemeka mwenyewe. Kilichopungua ni kimoja. Katika ushuhuda wa ndugu wale mtu lazima aseme ameacha nini. Mmoja ameacha tumbaku, mwingine amechoma hirizi, mwingine amemwaga pombe mbele ya watu. Nikawaza mbangara, lakini mbangara kila mtu ameiacha, haina uzito tena. Halafu wazo likaja, na wakati ule niliona ni wazo la akili sana.

Nitasema nilikuwa naandika kitabu cha mambo ya kidunia, na Bwana akaniambia nikichome, nikakichoma.

Mmeona? Mama atafurahi kwamba nimeiacha dunia. Mghoi hataweza kudai kurasa, kwa kuwa zimeungua, na zimeungua kwa ajili ya Mungu, nani atagomba na hilo? Mpango mmoja, nyumba nzima imepatikana. Nilikwenda shuleni nikipiga mluzi.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mama Mghoi alikaa mbele na kitambaa chake cheupe, akiwaonyesha wageni wa Taveta mimi ni yupi. Mghoi alikuwa kwenye kwaya, upande wa kulia. Watu wa Mraru walikuwa nyuma, na mama mmoja jirani yetu alikuwa tayari analia kabla sijasimama.

Nikasimama. Nikaanza na ukungu. Ah, niliusema ukungu mpaka watu wakajifunika vizuri. Nikafika kwenye mwanga, nikasikia "Ee Bwana" kutoka huku na huku. Nikafika kwenye sauti, nikanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza, na kanisa zima likasikiliza nami. Kisha nikasema, "Nilikuwa na kitabu, ndugu zangu. Nilikuwa nimekiandika mchana na jioni. Kitabu kizima cha mambo ya dunia hii. Sauti ikaniambia, Mwadime, kichome! Nikakichukua kitabu changu, nikawasha moto, nikakichoma chote!"

Lo! Vigelegele. Kasisi amefumba macho anatikisa kichwa. Mama Mghoi amenyoosha mikono yote miwili juu. Hapo ningekaa. Mtu yeyote mwenye akili angekaa.

Lakini ndugu wale wana desturi, na niliijua, sikuifikiria tu. Mtu akishatoa ushuhuda hakai mara moja. Yeyote aliye ndani ana ruhusa ya kumwuliza swali, wao wanaita kutembea nuruni, nawe unajibu palepale mbele ya wote. Kwa kawaida hakuna anayeuliza, au anauliza mzee mmoja jambo la Biblia. Kasisi akatazama huku na huku, akasema, "Kama hakuna swali kwa ndugu yetu..."

"Mimi ninalo," akasema Mghoi.

Alikuwa amesimama kwenye kwaya, mikono mbele, sauti ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa akiitia majina ya wakulima pale ushirika.

"Ulichoma kurasa ngapi?"

Nikatabasamu. Mpaka leo sijui kwa nini nilitabasamu. "Nyingi," nikasema.

"Nyingi ngapi?"

"Dada yangu, mbele ya Bwana hesabu si—"

"Ndugu," akasema kasisi taratibu, "jibu tu. Ni neema."

Nikamtazama Mghoi nikidhani nitaona hasira, ningepata la kusema kama ingekuwa hasira. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa yananiomba. Alikuwa ananipa nafasi, mbele ya wilaya nzima, na nilijua kabisa ananipa nini.

"Mbili," nikasema. "Na nusu."

Kuna mtu alicheka huko nyuma, kwa kikohozi. Nadhani alikuwa Nyambu. Watu wa Taveta walikuwa wanaulizana nimesema ngapi. Na Mama Mghoi mikono yake ilikuwa bado juu, akaishusha polepole.

"Mbili na nusu," akasema. "Sasa zile asubuhi zote, Mwalimu?"

"Nilikuwa najaribu kuandika, Mama."

"Siku ile nilipokugusa bega?"

"Nilikuwa nimekwama."

"Na moto? Uliwasha wapi?"

"Sikuchoma," nikasema. "Ziko nyumbani chini ya mto."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Mghoi akakaa. Akakunja kile kitambaa cheupe mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama sabuni. Alikuwa amewaambia wageni wote mimi ni nani, na sasa wote wamejua mimi ni nani. Hilo ndilo liliniuma kuliko kicheko. Machozi yakaanza kunitoka, mimi mwalimu, koti langu safi, natiririka kama mtoto wa darasa la kwanza.

Basi yule Mzee Mwamburi wa kengele, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri sana, aliona mtu amesimama mbele, ameungama uongo, analia. Kwa ndugu wale hayo yakikutana yana maana moja tu. Akapaza sauti, "Ameokoka!" na kuanzisha wimbo wao wa kumpokea aliyetubu. Kwaya ikafuata, kanisa likafuata, wageni wa Voi wakapiga makofi, na kabla sijajua nilipo nilikuwa nakumbatiwa, mtu baada ya mtu, benchi baada ya benchi, watu wa kwetu Mraru wananiinua juu. Sijawahi kupongezwa vile maishani. Nilikuwa nalia nikijaribu kusema kwamba si hivyo, na kadiri nilivyokuwa nasema si hivyo ndivyo walivyozidi kuimba.

Wawili tu hawakuimba. Mama Mghoi alikuwa amekaa na kitambaa chake. Mghoi alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta nje, kwenye ua, amesimama peke yake karibu na lori la Mraru. Ndani wimbo unatikisa mabati.

"Ungeniambia mbili na nusu," akasema. "Ile jioni kwenye njia ya mashamba. Nilikuuliza nikitaka unijibu."

"Ungeniacha."

"Ningecheka," akasema. "Ningekwambia anza tena kesho. Unadhani mimi nilitaka kitabu, Mwadime? Mimi ningekipeleka wapi kitabu? Nilitaka kujua nikikuuliza jambo nitapata jibu."

Safari hii sikubuni jibu. Akaenda zake.

Jumatatu wazee wangu hawakupanda. Mama Mghoi alikuja kwangu siku chache baadaye, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. "Kukusamehe nimekusamehe, Mwalimu," akasema. "Hilo Bwana ameliamuru. Binti ni jambo lingine, hilo hakuliamuru." Akaniachia chupa ya maziwa, akaondoka. Maziwa hayo yalinishinda, alikunywa Nyambu.

Mngefikiri imeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeshaokoka, kwa tangazo, mbele ya watu, na ndugu hamkatalii ndugu kazi. Mwaka uliofuata Mghoi akachumbiwa na fundi mmoja wa reli hapo Voi, mtu mpole, nilimtafuta kasoro nikaikosa. Kadi za mwaliko zilinunuliwa tupu, zinataka kujazwa kwa mkono, majina ya watu, saa, mahali, na aya ya Biblia chini, na zilikuwa nyingi kwa sababu Mama Mghoi anajulikana kutoka Taveta mpaka Mombasa. Kasisi akaulizwa nani ana mwandiko mzuri. Akasema, "Si tunaye Mwalimu Mwadime?"

Nilikwenda. Wiki nzima, kila siku baada ya shule, nilikaa kwenye meza ya Mama Mghoi nikaandika kadi, bila kuruka siku, bila kufuta neno, bila kuweka kichwa juu ya mkono hata mara moja. Kila kadi nimeandika jina la Mghoi na jina la yule fundi. Siku ya mwisho Mghoi akaingia kutoka kazini, akachukua chache juu ya rundo, akazisoma moja moja amesimama, kisha akazirudisha akazipanga vizuri.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado," nikasema. "Zimebaki kumi na mbili."

Akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. "Asante kwa kuniambia," akasema, akaenda kuniletea chai.

Ndiyo maana kanisani natafuta mlango. Na nyinyi mkinisikia tena nasema naandika kitabu, msiulize kinahusu nini. Niulizeni kurasa ngapi.